Mashini ya Kuandikia: Asili Yake na Habari Zake Kwetu

Tazameni simu ya mkononi yenye kioo, ambayo siku hizi vijana wengi wa Kayanga, Nkwenda na Kaisho wanayo. Mtu akitaka kuandika ujumbe huona mistari mitatu ya herufi. Mstari wa juu waanza na Q, tena W, tena E. Huo si mpango wa alfabeti tuliofundishwa shuleni. Tena hiyo Q iliyopewa kiti cha mbele haina kazi yoyote katika Kiswahili. Mtu aweza kuandika barua za mwaka mzima kwa lugha hii asiiguse hata mara moja. Basi ni nani aliyezipanga herufi namna hii, na kwa sababu gani? Jibu halimo katika simu. Limo katika chombo cha chuma kilichotengenezwa Marekani miaka mia na hamsini iliyopita, nacho ni mashini ya kuandikia, au taipureta, ambayo wazee wetu waliiita taipu tu.

Kwanza yafaa tutenge mambo mawili ambayo katika lugha yetu huchanganyika, kwa kuwa yote mawili twayaita kupiga chapa. Liko lile la mtambo wa vitabu: herufi za risasi hupangwa moja moja katika fremu, hupakwa wino, na karatasi hugandamizwa juu yake mara mia au mara elfu. Mtambo wa namna hiyo ndio aliokuwa nao Alexander Mackay, fundi wa kimisioni kutoka Scotland, aliyefika Buganda kwa Kabaka Mutesa mwezi wa Novemba 1878, na aliyefariki mwaka 1890 huko Usambiro, kusini ya ziwa letu. Mtambo huo ni wa watu wengi: mwandishi, mpangaji wa herufi, mpiga chapa, mfunga vitabu. Mashini ya kuandikia ni ya mtu mmoja. Yeye hukaa mbele yake kama fundi cherehani, na kila aguzapo kitufe, herufi moja hutokea juu ya karatasi.

Kalamu ilifika Karagwe miaka mingi kabla ya mashini. Katikati ya karne ya kumi na tisa wafanya biashara Waarabu na Waswahili, waliotoka pwani kwa njia ya Tabora, walikuwa na kituo chao Kafuro, si mbali na Bweranyange, makao ya Omukama Rumanyika. Watu wa pwani zamani hizo waliandika kwa herufi za Kiarabu, hata maneno ya Kiswahili. John Hanning Speke alipofika kwa Rumanyika mwezi wa Novemba 1861 alikuwa na madaftari yake, naye aliyajaza kwa mkono, siku kwa siku. Ni ajabu kidogo kwamba mwaka huo huo 1861, katika nchi ya Brazil, padre mmoja aitwaye Francisco João de Azevedo alikuwa akiwaonyesha watu mashini ya kuandikia aliyoitengeneza kwa mti. Lakini haikupata mtu wa kuitengeneza kwa wingi, ikaishia hapo.

Padre huyo hakuwa wa kwanza. Mwaka 1714 Mwingereza Henry Mill alipata hati ya Malkia Anne kwa mashini ya kuandika herufi moja baada ya nyingine, lakini haijulikani kama iliwahi kufanya kazi. Mwaka 1829 Mmarekani William Austin Burt alitengeneza sanduku la mti lililoandika polepole kuliko kalamu, na chombo kilicho cha polepole kuliko kalamu, ni nani atakayekinunua? Kati ya hao wawili yuko Mwitalia Pellegrino Turri, naye kwetu ndiye mwenye habari nzuri kuliko wote. Alikuwa na rafiki, bibi mmoja wa jamaa ya kikabaila, Carolina Fantoni, ambaye alikuwa kipofu. Bibi huyo alitaka kuandika barua zake za siri mwenyewe, bila kumsomea karani. Turri akamtengenezea mashini, na mwaka 1808 bibi alikuwa akiitumia. Barua zake zingaliko mpaka leo. Mashini yenyewe imepotea.

Twawaomba wasomaji walishike neno hilo, kwamba mashini hii haikuanza kwa ajili ya haraka wala kwa ajili ya biashara. Hata yule aliyetengeneza mashini za kwanza kuuzwa hasa kwa watu alikuwa mwalimu wa watu wenye ulemavu. Huyo ni mchungaji Rasmus Malling-Hansen wa Denmark, mkuu wa shule ya viziwi katika mji wa Copenhagen. Aliona kwamba wanafunzi wake waliongea kwa vidole upesi kuliko mtu aandikavyo kwa kalamu. Basi akawaza, vidole vyenyewe vikiguza herufi, maandishi yatakwenda kasi gani? Mashini yake ya mwaka 1870 ilikuwa na umbo la nusu ya tufe, na vitufe 52 vimesimama juu yake kama miiba ya nungunungu. Mwaka 1882 mwanafalsafa Friedrich Nietzsche, ambaye macho yake yalikuwa mabovu, alinunua moja.

Lakini aliyeshika soko ni Marekani. Katika mji wa Milwaukee alikuwako mtu aitwaye Christopher Latham Sholes, mpiga chapa na mhariri wa magazeti. Yeye na mwenzake Samuel Soulé walikuwa wakitengeneza kijimashini cha kuandika namba katika kurasa za vitabu. Mwenzao mwingine, Carlos Glidden, akawauliza: kama chaandika namba, kwa nini kisiandike herufi? Hati yao ni ya tarehe 23 Juni 1868. Kwa miaka mitano walitengeneza mashini moja baada ya nyingine, wakizivunja na kuanza tena, huku mwenye fedha wao, James Densmore, akiwahimiza na kuwagombeza. Twaamini kwamba pasipo yule mgomvi Densmore kazi ingaliachwa njiani, ingawa vitabu humsifu Sholes peke yake.

Mwaka 1873 walikwenda kwa kampuni ya E. Remington and Sons katika mji wa Ilion. Kampuni hiyo ilitengeneza bunduki, na baada ya vita vya Marekani kwisha mwaka 1865 ilitafuta kazi nyingine kwa mafundi wake wa chuma. Ilikuwa imekwisha kuanza kutengeneza cherehani. Kwa hiyo mashini za kuandikia za kwanza, zilizoanza kuuzwa mwaka 1874 kwa dola 125 moja, zilifanana na cherehani kabisa: zimepakwa rangi nyeusi, zimechorwa maua, nazo zilikaa juu ya meza yenye kanyagio la mguu. Mwandishi alipofika mwisho wa mstari alikanyaga, na karatasi ikarudi mwanzo. Mtu wa kwetu ambaye amemtazama fundi nguo sokoni Omurushaka angaliitambua mara moja kuwa ni ndugu ya cherehani.

Mashini hiyo ilikuwa na kasoro mbili kubwa. Iliandika herufi kubwa tu, kana kwamba mwandishi anapiga kelele tangu mwanzo hata mwisho. Kasoro ya pili ni mbaya zaidi: nyundo za herufi zilipiga karatasi kutoka chini, mahali pasipoonekana, hata mwandishi hakuweza kuona alichokiandika mpaka amepita mistari kadha. Kasoro ya kwanza iliondolewa mwaka 1878, Remington ya pili ilipotoka ikiwa na kitufe cha kubadili herufi ndogo ziwe kubwa. Ya pili ilikaa zaidi. Katika miaka ya 1890 fundi mmoja Mjerumani aliyehamia Marekani, Franz Xaver Wagner, alitengeneza mashini ambayo nyundo zake hupiga kutoka mbele, karatasi i wazi mbele ya macho. John Underwood aliinunua haki hiyo, na mashini za Underwood zikaenea duniani. Taipureta karibu zote zilizokuja baadaye, hata hizo zilizofika katika ofisi zetu, zilifuata mfano wa Underwood.

Sasa tuieleze kazi yake, maana wengi wameiona lakini wachache wamechungulia ndani. Mtu akibonyeza kitufe, wenzo mmoja huvuta mwingine, na huo wa pili huurusha juu mkono mwembamba wa chuma. Kichwani mwa mkono huo imechongwa herufi, nayo imegeuzwa kama uso katika kioo. Mkono hupiga kama nyundo ya mhunzi, na fuawe yake ni mchi mrefu wa mpira mgumu ambao karatasi imezungushiwa. Kati ya nyundo na karatasi umepita utepe wa kitambaa uliolowa wino. Nyundo haina wino wowote. Ni utepe uachao alama. Na kila mkono una herufi mbili, ndogo na kubwa. Kitufe cha kubadili hakibadilishi nyundo: katika mashini nyingine huinua mchi wote, na katika nyingine hushusha kikapu cha nyundo, ili herufi ya pili ndiyo ipige mahali pake.

Akili kubwa ya mashini haimo katika nyundo. Imo katika mwendo wa kile kitoroli kibebacho karatasi. Ndani yake iko kamani ya chuma, mfano wa kamani ya saa, ambayo siku zote hukivuta kitoroli kuelekea kushoto. Kama isingalizuiwa, kingaliruka mpaka mwisho kwa mara moja. Kinachokizuia ni gurudumu lenye meno, na kijino kilichoingia kati ya meno hayo. Kila kitufe kibonyezwapo, kijino hutoka na kingine huingia, na gurudumu hupata ruhusa ya kusogea jino moja tu, wala si zaidi. Hivyo kitoroli hutembea hatua kwa hatua, na kila hatua ni nafasi ya herufi moja. Mashini nyingi zilikuwa na hatua 10 katika inchi moja, nyingine 12. Ndiyo sababu katika maandishi ya taipureta herufi i, iliyo nyembamba kama unyasi, hupewa nafasi sawa na m iliyo pana. Karibu na mwisho wa mstari kengele hulia, na mwandishi hushika wenzo wa upande wa kushoto, akakirudisha kitoroli mwanzo. Wenzo huo huo huuzungusha mchi, karatasi ikapanda mstari mmoja. Kazi yote yafanywa na nguvu za vidole na ile kamani. Haitaki mafuta ya taa wala umeme.

Watengenezaji walikuwa na ubahili wa ajabu. Mashini nyingi za kale hazikuwa na tarakimu 1. Mwandishi alitumia herufi ndogo ya l. Alama ya mshangao haikuwako. Alipiga alama ya juu, akarudi nyuma hatua moja, akapiga nukta chini yake.

Tumefika kwenye swali letu la Q. Sholes alianza kwa kuzipanga herufi karibu na utaratibu wa alfabeti, na mpaka leo alama ya utaratibu huo imebaki katika mstari wa kati, F, G, H, J, K, L. Lakini nyundo mbili zilizo jirani zikipanda kwa kufuatana upesi, hugongana na kukwama njiani, kama watu wawili wanaotaka kupita mlango mmoja kwa pamoja. Alibadili mpango mara nyingi, akisikiliza pia maneno ya watu wa telegrafu waliozijaribu mashini zake. Wako wasemao kwamba alikusudia kuwachelewesha waandishi. Sisi hatuiamini habari hiyo. Mtu auzaye mashini ya kuandika upesi hawezi kutafuta kuandika polepole. Mpango ulikuwa umekaa hivyo Remington walipoanza kuuza, wanafunzi wakajifunza huo, na walipozoea hapakuwa na njia ya kurudi. Mwaka 1888 huko Cincinnati, Frank McGurrin, mwandishi wa mahakama, aliyeandika kwa vidole vyote bila kuvitazama vitufe, alimshinda mshindani wake mbele ya watu, na magazeti yakaeneza sifa zake. Tangu siku zile mpango wa Q, W, E ukawa kama sheria. Wafaransa walibadili wakaanza na A, Z; Wajerumani wakaipandisha Z juu na kuishusha Y.

Na Kiswahili je? Hakuna aliyekifikiri. Tuchukue sentensi nyepesi: mwanafunzi anasoma barua ya baba. Ina herufi 28, na kati ya hizo 10 ni A. Hakuna E hata moja. Katika Kiingereza E ndiyo itumikayo kuliko zote. Kwetu ni A. Lakini A imewekwa chini ya kidole cha mwisho cha mkono wa kushoto, kidole kilicho dhaifu kuliko vyote, na Z yetu ya mzee na mzigo na maziwa imetupwa pembeni, chini ya kidole hicho hicho. Karani wa Kiswahili alichoka kidole kimoja kabla ya vingine tisa. Hata neno ng'ombe lilikuwa na taabu yake. Katika mashini nyingi za kale ile alama ya juu ilikuwa juu ya tarakimu 8, basi karani alipiga n, akapiga g, akashika kitufe cha kubadili kwa mkono mmoja na 8 kwa mkono wa pili, akaachilia, akaendelea. Katika nchi ya wafugaji kama Karagwe, karani aliyeandika habari za minada ya ng'ombe alifanya mchezo huo mara ngapi kwa siku?

Walakini katika jambo moja tulibahatika. Mwaka 1928 wajumbe wa nchi za Afrika Mashariki walikutana Mombasa, wakachagua Kiswahili cha Unguja kiwe msingi wa lugha ya vitabu, na mwaka 1930 Kamati ya Lugha ikaanza kazi. Siku zile zile wataalamu wa Ulaya walikuwa wakishauri lugha za Kiafrika ziongezewe herufi mpya zisizokuwamo katika alfabeti ya Kirumi. Kiswahili kilibaki na herufi za kawaida, kikaandika sh, ch, ng'. Jirani zetu wa ng'ambo ya mto Kagera walichagua njia nyingine: mwaka 1947 mkutano wa Baganda uliamua kwamba sauti hiyo iandikwe kwa herufi moja mpya, n yenye mkia. Ni herufi nzuri, lakini haikuwamo katika mashini za kawaida, na watu wengi wa Buganda walijikuta wakiandika ng' kama sisi. Mkutano uliamua, mashini ikakataa.

Katika koloni la Wajerumani, na baadaye Tanganyika chini ya Waingereza, taipureta ilikuwa chombo cha boma, cha misioni na cha makampuni. Waliojifunza kuitumia katika watu wetu walikuwa hasa vijana waliotoka katika shule za misioni na za serikali. Kwao ukarani haukuwa mshahara tu. Mfano ulio wazi ni Martin Kayamba, mwanafunzi wa Kiungani, Unguja, aliyekuwa karani mkuu katika ofisi ya wilaya ya Tanga. Mwaka 1922 yeye na wenzake walianzisha hapo Tanga chama cha watumishi Waafrika wa serikali, na mwaka 1931 alikwenda London kutoa ushahidi mbele ya kamati ya Bunge la Uingereza. Upande wetu wa ziwa, mwaka 1924 ilianzishwa Bukoba Bahaya Union, na miongoni mwa watu wake wa mbele walikuwa watu waliojua kazi za ofisi. Vyama havikuzaliwa katika mashini, la; lakini chama kisichoweza kuandika barua, kuweka kumbukumbu za mikutano na kutunza nakala hakiwezi kubishana na serikali itunzayo nakala ya kila neno lake.

Hapa ndipo tunapoona uzito wa jambo lenyewe. Wengi husifu kasi ya taipureta. Sisi twasema kasi ilikuwa jambo la pili. La kwanza ni nakala. Mwandishi aliweka karatasi mbili au tatu, na katikati yake karatasi nyeusi ya kaboni, na pigo moja la nyundo likaacha alama katika zote. Kalamu pia yaweza, lakini nyundo hupiga kwa nguvu iliyo sawa, hata karatasi ya chini ikasomeka. Fikirini maana yake kwa mtu wa kijijini. Katika Bukoba na Karagwe wazee wanakumbuka mambo ya nyarubanja, mashamba ambayo mtu aliyalima na kuyapanda migomba na kahawa, kumbe mwenyewe ni mtwana na sehemu ya mavuno ni ya bwana. Sheria iliyokomesha desturi hiyo ilipitishwa mwaka 1965. Katika mashauri ya ardhi ya namna hiyo mtu mwenye ushahidi wa mdomo tu hukabiliana na mtu mwenye karatasi. Aliyepeleka barua pasipo nakala amepeleka vyote alivyo navyo. Barua ikipotea katika faili, haki yake imepotea pamoja nayo. Aliyebaki na nakala yenye tarehe aweza kurudi mwaka wa pili akasema, tazama, niliandika.

Tena barua ya mkulima wa Kaisho ikipigwa taipu ilionekana sura moja na barua ya Bwana Shauri mwenyewe. Mwandiko wa mkono humtangaza mtu: huyu amesoma miaka miwili, huyu mkono wake watetemeka. Herufi za chuma hazitangazi hayo. Ila zilileta hatari nyingine, na twaisema kwa kuwa imewaumiza wengi. Asiyejua kuandika alimlipa mwenye mashini kwa ukurasa, akaeleza shauri lake, akatia alama ya kidole gumba chini ya maneno ambayo hakuweza kuyahakikisha. Huenda alisema shamba ni la ndugu wawili, na karatasi ikasema la mmoja. Karatasi iliyopendeza hivyo ni vigumu kuishuku.

Walakini hata chuma kina mwandiko wake. Herufi moja hulika upande, nyingine hukaa juu kidogo ya mstari, na jicho la e huziba uchafu. Arthur Conan Doyle alilitumia jambo hilo katika hadithi mwaka 1891, ambamo mpelelezi wake Sherlock Holmes amtambua mdanganyifu kwa kasoro za mashini yake, na katika mahakama za kweli wataalamu wameitumia njia hiyo hiyo mara nyingi.

Baada ya uhuru wa mwaka 1961 ofisi zilizidi na waandishi walizidi. Zamani za ukoloni karani wa kwetu alikuwa kwa kawaida mwanamume. Sasa kazi ya uhazili ikawa ya wanawake wengi, nao walijifunza taipu na hatimkato katika vyuo kama Chuo cha Uhazili cha Tabora, ambako kasi ilihesabiwa kwa maneno katika dakika. Vyama vya ushirika vya kahawa, tangu ule wa Bukoba wa mwaka 1950 mpaka KDCU yetu ya Karagwe, viliendeshwa kwa barua na taarifa za taipu.

Nasi walimu tulikuwa na stensili. Utepe wa wino huwekwa kando, na nyundo hupiga moja kwa moja juu ya karatasi iliyopakwa nta, zikaitoboa kwa umbo la herufi. Karatasi hiyo hufungwa katika mashini nyingine, wino ukapita katika matundu, na mkono ukizungushwa hutoka nakala mia na zaidi. David Gestetner aliyezaliwa Hungaria ndiye aliyeieneza kazi hiyo kutoka London tangu miaka ya 1880. Tulipokuwa watoto wa shule mitihani yetu ilikuja kwa njia hiyo, na harufu ya ule wino ilifika darasani kabla ya karatasi zenyewe. Mpaka leo tukiisikia tumbo hutusokota. Herufi o mara nyingi ilikatika yote ikaanguka, ikabaki duara nyeusi, na mtoto mwenye bidii alipoteza dakika akijiuliza kama hiyo nayo ni swali.

Kompyuta ndiyo iliyoimaliza. Kiwanda cha Godrej na Boyce cha India, ambacho kilianza kutengeneza taipureta mwaka 1955 na kuziuza nchi nyingi, kiliacha mwaka 2009. Uingereza kampuni ya Brother ilitengeneza ya mwisho mwaka 2012, ikaitoa kwa jumba la makumbusho la sayansi London. Leo mtu wa Kyerwa atakaye barua huenda katika duka la vifaa vya ofisi Rubwera au Nkwenda, kijana akaiandika katika kompyuta, akamsomea, akaitoa. Umeme ukikatika wote wawili hukaa nje kungoja. Kijana huyo husema anataipu, ingawa pengine hajawahi kuiona taipureta.

Lakini iko namna moja ya mashini hii ambayo haijaondoka. Mwaka 1951 katika shule ya wasioona ya Perkins, Marekani, ilianza kuuzwa mashini iliyobuniwa na mwalimu wa ufundi wa shule hiyo, David Abraham. Ina vitufe sita vya kuandikia, kimoja kwa kila nukta ya maandishi ya nukta nundu, na kitufe cha kuacha nafasi. Vingi hubonyezwa kwa pamoja, kama mtu apigaye kinanda, na karatasi ngumu huinuka vinundu. Mashini hizo zingali zikitumika katika shule zenye watoto wasioona, na mkoani kwetu watoto wa namna hiyo husoma pamoja na wenzao waonao katika shule ya Mugeza Mseto, Bukoba. Haina utepe, haina wino, wala haina Q iliyotangulia mbele. Mtoto aandika mstari, kengele yalia, arudisha kitoroli, kisha apeleka kidole nyuma juu ya karatasi na kusoma mwenyewe alichokiandika.